Binti wa Mzibua Mitaro

Huja na maneno ya kando.
"Daktari, kule nyuma."
"Njia ya haja."
"Ile sehemu, si unaielewa."
Mmoja, mwendesha kreni wa Kilindini,
mtu wa kuinua makontena kama mayai,
alinyoosha kidole chini ya meza yangu
akakirudisha upesi, kana kwamba kimeungua.

Damu tangu lini?
"Tangu Mfungo Sita."
Na Rajabu ilikuwa imeshaingia.
Muuza dawa wa Mwembe Tayari alimwambia ni bawasiri,
akampa unga wa kukoroga na maziwa ya mbuzi.
Siku zote ni bawasiri,
mpaka siku isiyokuwa bawasiri.

Mimi si mgeni wa aibu hii.
Baba yangu, Chengo wa Mwaringa,
alizibua mitaro ya manispaa miaka ishirini na saba:
Kuze, Kibokoni, Bondeni,
na mvua kubwa zikija, hata nyuma ya soko la Kongowea.
Alikuwa na fito za chuma za kuungaunga, ndoana,
na kipande cha sabuni mfukoni, kimefungwa kwa gazeti.
Kabla ya kuingiza fito alipiga magoti,
akatega sikio kwenye mfuniko.
Maji, alisema, hukwambia yenyewe yamekwama wapi.

Shuleni Tudor waliniita Umazi Umavi.
Nilirudi nalia. Hakuniambia ninyamaze.
Akanisugua mkono kwa sabuni ile, kisha akasugua wake,
akaiweka yote miwili puani mwangu:
Upi unanuka?
Sikujibu.
Yote miwili ilinukia mwarobaini.

Nilipochagua kisu, mkufunzi wangu Nairobi
alinisihi nichukue moyo, au ubongo.
"Una mikono mizuri. Usiipoteze huko chini."
Kweli, watu hupeana mioyo,
mama humwita mwanawe ini lake,
sijasikia aliyeposa kwa kusema
wewe ndiwe utumbo wangu mpana.
Lakini mimi nimeuona ukiwa hai,
wa waridi, unameta chini ya taa,
ukijisogeza polepole
kama mtu anayegeuka usingizini.

Mwalimu Shekuwe wa madrasa
nilimweleza uvimbe, nikamweleza mfuko
tutakaoubandika ubavuni, labda miezi, labda maisha.
Hakuuliza kama atapona.
"Na sala?"
Mimi ni mtoto wa kanisa la Ribe, nisingeweza kumjibu.
Nikamwita nesi Mwanatumu. Wakavuta pazia,
wakanong'ona nusu saa. Sikuambiwa walichosema.
Pazia lilipofunguka aliomba kalamu atie sahihi.
"Bado," nikamwambia, "kwanza nisalie."
Akarukuu. Akasujudu palepale, kwenye shuka la hospitali.
Nikachungulia tumbo lake linakojikunja,
nikamtia alama ya wino juu kidogo ya mkunjo,
mbali na fundo la kikoi,
mfuko usije ukabanwa kati yake na Mola wake.

Siku ya tatu nilipita asubuhi na swali langu la kila asubuhi,
swali ambalo mavyaa yangu hataki litajwe mezani:
Umejamba?
Mwalimu akatazama dari. Akatazama Makupa dirishani.
"Mfuko," alisema taratibu, kwa lafudhi ya Mvita,
"umefura upepo."
Mwanatumu akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka.

Baba sasa yuko Rabai, na kuku wake.
Hunipigia simu magharibi.
— Leo wangapi?
— Watatu.
— Na maji yamepita?
— Ya wawili.
Hanyanyui tena neno. Wala haulizi yule wa tatu
alikuwa nani, alifanya kazi gani bandarini.
Nasikia bomba la uani likifunguliwa.
Ananawa.